Ng'ombe Wazee wa Baba

Kaka yangu aliuza ng'ombe kumi na mmoja wa baba Jumapili moja mchana, baba akiwa amelala chumbani. Hakumwuliza. Hakuniuliza na mimi, ingawa nilikuwa nyumba ya tatu tu, msibani, na simu yangu ilikuwa mkobani. Naomba nieleze mapema, asije mtu akasema nimemdanganya: ng'ombe hao hawakuwa na damu wala kwato za kukanyaga matope. Walikuwa ndani ya kompyuta, katika mchezo wa kulima na kufuga ambao watoto na watu wazima wanaucheza dunia nzima. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Kazini kwangu walicheka wote, hadi mlinzi wa getini. Niliwaacha wacheke, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Baba alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Huko milimani watu walimwita veterineri, nao hawakujali kama ana shahada au hana. Maisha yake ya kazi aliyapitisha juu ya pikipiki, akipanda Mugamba na Bututsi kwenye baridi, sanduku la chanjo limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Alipostaafu alirudi Bujumbura, kwenye nyumba yetu ya mtaa wa Asiatique nyuma ya maduka ya vipuri, na mimi nilipoachana na mume wangu nikahamia kwake. Watu hudhani nilikwenda kumtunza. Si kweli. Miaka ile yeye ndiye aliyenitunza mimi. Kiharusi kilikuja baadaye, na hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na upande mmoja wa mdomo. Maneno hayakupotea yote, lakini yalikuja moja moja, kwa taabu, na yakija vibaya baba aliona haya akanyamaza. Mtu aliyekuwa akisimulia mpaka wali unapoa sahanini sasa alijibu kwa kichwa. Mama aliyekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo, ambaye sisi wote tulimwita kine, aliniambia nimtafutie kazi ya mkono wa kushoto, kazi atakayoipenda. Ule mpira wa kufinya aliompa mwanzoni ulikuwa umemchosha. Alikuwa ameanza kuusukumia chini ya kitanda.

Mimi ni karani katika bohari moja ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Ofisi ilipobadilisha kompyuta niliomba moja ya zile kuukuu, na fundi akaniwekea mchezo huo. Alidhani nina watoto nyumbani. Baba naye alipouona alidhani namfanya mtoto.

"Mi si mutoto," alisema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizozisikia kwake wiki ile.

"Si ya watoto, baba. Tazama, kuna ng'ombe."

Alitazama. Ng'ombe wa madoa meusi na meupe alikuwa anatembea kando ya uzio.

"Anachechemea," alisema.

Hakuwa anachechemea. Waliomchora ndio hawakujua jinsi ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa anavyotupa miguu ya nyuma. Lakini baba alishika kipanya kwa mkono wa kushoto ili azunguke amwone kwa nyuma, na hakukiachia mpaka umeme ulipokatika.

Lazima nieleze namna umri unavyofanya kazi katika mchezo ule, maana ugomvi wote ulianzia hapo. Kila mnyama ana ukurasa wake: umri kwa miezi, afya, maziwa ya kila siku, na bei atakayouzwa leo. Ndama unamnunua rahisi. Kadiri anavyokua bei inapanda, hata kama hajatoa tone. Akishakuwa mkubwa anaanza kutoa maziwa kwa kiwango cha juu kabisa tangu siku ya kwanza, na anakaa huko juu kwa muda. Halafu unafika mwezi fulani, hajaugua, hajakosa majani, na bei inaanza kushuka. Maziwa yanaifuata. Chakula hakishuki, mzee anakula sawasawa na kijana. Samadi tu ndiyo inabaki ile ile, jambo ambalo baba alilipenda sana. Na tangu mwezi huo, kila asubuhi ya mchezo, unatokea ujumbe mwekundu: mnyama huyu amepita wakati wake mzuri, je, unataka kumuuza? Chini yake kuna vitufe viwili, ndiyo na hapana.

Baba alibonyeza hapana. Ng'ombe mmoja baada ya mwingine, kila asubuhi ya mchezo, alibonyeza hapana, na huku akibonyeza alisema kwa sauti: "Apana." Neno hilo ndilo lililorudi kwanza likiwa safi, bila kukwama.

Kisha alianza kugombana na mchezo wenyewe, na mi nilifurahi kuliko yeye, maana ugomvi unataka maneno.

"Uongo huu," aliniambia siku moja, akionyesha ng'ombe kijana aliyejaza ndoo. "Uzazi wa kwanza, maziwa kidogo. Uzazi wa tatu. Wa ine. Hapo ndiyo mingi."

"Kwa hiyo huyu wangemfanyaje?"

"Wangoje," alisema. "Wangoje akomae."

Ng'ombe wake wakubwa aliwatenga kwenye zizi moja karibu na maji. Mchezo unakuruhusu kumwandikia kila mnyama jina, na baba aliwaandikia majina ya mahali. Yule wa Mugamba. Yule wa Ijenda. Aliniambia kila mmoja amefanana na ng'ombe aliyewahi kumtibu. Nikirudi kazini jioni nilimkuta anangoja nivue viatu ili anisimulie mmoja. Wa Mugamba alikuwa mali ya mjane, na ndama wake alikuja vibaya, mguu umekunjwa ndani. Baba aliingiza mkono tangu adhuhuri mpaka jua linaelekea kuzama, mjane ameshika kichwa cha ng'ombe na kukisemesha kama mtu. Aliponisimulia hilo aliuinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauweka mezani.

"Mukono huu," alisema.

Hadithi ya ng'ombe mmoja ilichukua jioni nzima, na nyingine ilichukua mbili. Alikwama, akatafuta neno, akalikosa, akalizunguka. Kine alipokuja alishangaa. Aliniuliza tunafanya nini. Nikamwambia tunafuga.

Sasa nimfikie kaka yangu. Ni mkubwa kwangu, anakaa Kinindo, anafanya kazi kwenye ofisi za shirika moja, ana gari na mke mwema. Simwiti mtu mbaya. Kine alikuwa akilipwa naye, na kila Jumapili alikuja na samaki wa mukeke wabichi kutoka ziwani, hata wakati mafuta ya gari yalipokuwa hayapatikani mjini. Alipomwona baba anacheza alifurahi, akaenda kujiwekea mchezo ule ule kwake, na kwa muda mfupi akawa bingwa. Alisoma kwenye mtandao mwezi gani bei inafika kileleni. Aliuza ng'ombe wake wote mwezi huo, akanunua ndama, akazungusha. Hakuwa na mzee hata mmoja. Akija kwetu alisimama nyuma ya kiti cha baba na kutazama zizi la karibu na maji huku akishindwa kuvumilia.

"Baba, hawa wanakula bure. Kila mwezi bei inaanguka. Uza sasa, nunua wadogo."

"Waache," baba alisema.

"Lakini baba, tazama namba."

"Waache."

Nilisikia kwa masikio yangu. Wifi yangu alikuwa amekaa pale pale, anamenya vitunguu, naye alisikia. Haikuwa siku moja. Basi mtu asiniambie kaka hakuelewa.

Jumapili ile tulikula, baba akaenda kulala kama kawaida yake, wifi hakuja kwa sababu alikuwa na homa, na mimi nikaenda kwa jirani aliyefiwa na mama yake. Sikukaa sana. Niliporudi nilimkuta kaka mbele ya kompyuta, mikono ya shati imekunjwa, uso unang'aa kama mtu aliyemaliza kupaka rangi nyumba ya mzazi.

"Njoo uone," aliniambia. "Nimemutengenezea."

Zizi la karibu na maji lilikuwa limejaa ng'ombe vijana, wote wa umri mmoja, wote wametoka dukani, hawana majina. Kando yake kulikuwa na mashine mpya ya kukamulia.

"Wale wazee wako wapi?"

"Nimeuza. Bei yao imenipa hii mashine yote. Maziwa yatakuwa mara mbili."

"Rudisha."

"Hairudi. Nimeshahifadhi." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayenipa habari ya hali ya hewa.

Nilikuwa bado nimesimama na mtandio begani wakati baba alipotoka chumbani akijishika ukutani. Kaka alimpisha kiti. Baba akakaa, akashika kipanya, akaenda moja kwa moja kwenye zizi lile. Alizunguka mara moja. Akazunguka tena, polepole, akifungua ukurasa wa kila mmoja.

"Ya Mugamba iko wapi?" aliuliza.

"Nimeziuza zile za zamani, baba. Zilikuwa zinakula hasara. Sasa angalia maziwa, hapa juu."

Baba alitazama hapo juu alipoonyeshwa. Mdomo wake ulijaribu kitu kisha ukaacha. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akauweka pajani.

"Asante," alisema.

Asante ile ndiyo iliyonichoma. Angepiga kelele, angetupa kipanya, ningejua la kufanya. Lakini alimshukuru, kama mgonjwa anavyomshukuru mtu aliyemgeuza vibaya kitandani, kwa sababu kesho atamhitaji tena. Na kaka akaipokea. Akamgusa bega, akaaga, akaendesha gari lake kurudi Kinindo akiwa mtu mwenye furaha.

Wiki iliyofuata baba hakuigusa kompyuta. Nilimpelekea fundi wa ofisini kompyuta ile, nikamwomba aangalie kama kuna nakala ya zamani ndani yake. Alitafuta saa ya chakula yote, wenzangu wakiwa wamesimama nyuma yetu wanauliza ng'ombe wana chanjo au hawana. Hakupata kitu. Kaka alikuwa amehifadhi juu ya kila kitu, vizuri kabisa, kama anavyofanya mambo yake yote. Baba alirudia mpira wake wa kufinya, na jioni nikivua viatu alinitazama na kugeukia dirisha. Kine aliponiuliza kwa nini maneno yamepungua, nilimjibu kwa ukali usiomstahili.

Jumamosi nilikwenda Kinindo. Kaka alikuwa uani, kivulini. Wifi alituletea maji ya matunda ya marakuja, akakaa nasi kwa sababu aliniona uso.

"Ulijua hawarudi wakati unauza?" nilimwuliza.

"Nilijua. Dada, unakuja kugombana kwa ajili ya picha?"

"Kama ni picha, kwa nini hukuziacha?"

Alicheka kidogo, kisha akaona sicheki.

"Nilitaka kumusaidia," alisema. "Anapoteza muda wake na zile ng'ombe. Ukimuona anavyobonyeza kila mara, apana, apana. Mi niliona nimupunguzie."

"Alikuambia waache. Ulimsikia?"

"Nilimsikia." Akainama kidogo, akashusha sauti, kana kwamba baba yuko nyuma ya ukuta. "Lakini we unajua hali yake. Anachosema sasa na anachotaka si kitu kimoja."

Niliweka glasi chini kwa sababu niliona itanivunjikia mkononi.

"Kilichoumia ni mdomo," nilimwambia. "Neno la kwanza alilolipata vizuri ni apana. Alilitafuta, akalipata, akakuambia we mtoto wake, na we ukasema halina maana."

"Unakuza mambo."

"Alisema waache," wifi alisema, akimtazama mumewe. "Mi nilikuwepo."

 Kaka alianza kunieleza mimi habari ya mwezi ambao bei inafika kileleni, na jinsi mnyama akishauvuka hakuna unachoweza kufanya ila kupunguza hasara. Alieleza vizuri. Katika mchezo ule ni kweli tupu. Nilisimama katikati ya maelezo yake. Alitaka kunirudisha kwa gari, nikakataa, nikatembea juani mpaka barabara kubwa huku naongea peke yangu kama mwehu.

Kuna rafiki yangu ambaye nilipomsimulia haya alisema ananielewa, kwamba kaka anamwona baba kama ng'ombe mzee. Nilimkatiza. Baba si ng'ombe, na angekuwa wa kwanza kukasirika. Alikaa miaka mingi akiwaambia wakulima wauze ng'ombe waliochoka kabla hawajakonda, na waliomkatalia kwa mapenzi aliwaona wajinga. Hakuwa akiwalilia ng'ombe. Alichotaka ni zizi liwe lake, na siku ya kuuza aichague yeye.

Nililijua hili vizuri baadaye kidogo. Jioni moja nilirudi nikakuta kompyuta imewashwa na baba yuko mbele yake. Alikuwa anawakagua wale vijana.

"Umuri mumoja zote," aliniambia, akikunja uso. "Mutu gani ananunua hivi? Zitazeeka zote siku moja."

Nilikaa karibu naye, nikiogopa kumkatiza. Lakini hakusimulia. Alifunga, akaomba chakula.

Jumapili kaka alikuja na mkewe na samaki wake. Hakutaja safari yangu ya Kinindo, na mimi sikuitaja. Baada ya kula baba hakwenda kulala. Alikwenda mezani, akawasha kompyuta, akavuta kiti cha pili kwa mkono wa kushoto.

"Kaa," alimwambia kaka.

Kaka akakaa, amefurahi. Baba akafungua ukurasa wa ng'ombe mmoja. Alikuwa bora kuliko wote, maziwa yamefika juu kabisa, bei bado inapanda. Kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baba akabonyeza uza.

"Baba, umekosea," kaka alisema. "Hiyo ilikuwa bado inapanda."

Baba alikuwa ameshamfungua wa pili. Akabonyeza.

"Baba, unafanya nini? Hiyo ndiyo nzuri."

"Nauza."

"Lakini bei yake bado—"

"Ni yangu," baba alisema.

Aliendelea, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwepesi. Kaka alinyoosha mkono kuelekea kipanya, na baba akamtazama tu, mpaka mkono ule ukarudi ulikotoka. Zizi lilipobaki tupu, baba alifungua ukurasa wa mashine ya kukamulia, akaiuza nayo kwa hasara kubwa. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Na pikipiki," alisema. "Ilikuwa yangu."

Hapo nilikumbuka. Baba alipokuwa bado hospitalini, kaka aliigawa pikipiki yake kwa jamaa mmoja wa Rumonge, kwa sababu ilikuwa kuukuu na baba asingeipanda tena. Baba aliporudi nyumbani, aliona nafasi tupu kando ya ukuta, na kaka akamweleza. Hakusema lolote siku ile, na sisi wote tukadhani hajali, au hakuielewa habari. Alikuwa ameibeba muda wote huo bila maneno ya kuisemea.

 Kaka alitazama sakafu, kisha akasema, "Samahani, baba."

"Sawa," baba alisema. Akaomba chai.

Ingekuwa hadithi ya mtu mwingine, ingeishia kwenye chai ile. Baba amesamehe kweli. Namjua, hana unafiki. Ameanza upya na ndama wachache wa umri tofauti, wengine anawauza wakifika kileleni, wengine anawaacha wapite, na ujumbe mwekundu ukija anabonyeza anavyotaka. Kaka siku hizi anauliza kwanza. "Baba, hawa vipi?" anauliza, na baba akisema waache anawaacha. Maneno yamerudi mengi zaidi. Juzi alimfokea muuza mkaa kwa sentensi nzima, na kine akapiga makofi.

Ila ng'ombe hawa wapya hawana majina. Nimemwomba awape. Anasema hawafanani na wowote. Kati ya wale waliouzwa alikuwepo mmoja aliyemwita wa Bukeye, ambaye hadithi yake hakuwahi kuifikia. Aliniambia ni ndefu, ningoje Ijumaa nikiwa sina kazi ya kesho yake. Nikimwuliza sasa anatazama kioo cha kompyuta, anasema hamkumbuki vizuri tena.

"Hasira yako ndefu," aliniambia siku aliponikuta nabamiza sufuria baada ya kaka kuondoka. "Mi nimemaliza."

"Umemaliza yako," nilimjibu.

Akaniacha. Jumapili kaka akija nampokea samaki mlangoni, nawakaanga, namwekea sahani, namwuliza habari za Kinindo. Anajibu vizuri, anasifu upishi wangu. Anadhani yamekwisha.